Shanga za Ujiji na Fedha Moja ya Afrika Mashariki



Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya fedha. Hatutazungumza jinsi ya kuipata, maana hilo kila mmoja wetu analihangaikia kila siku. Tutazungumza juu ya fedha yenyewe. Nani anaitengeneza? Kwa nini watu wanaikubali? Na itakuwaje kama nchi nyingi zitatumia fedha ya aina moja?

Jambo hili si la wakubwa peke yao. Tarehe 30 Novemba 2013 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Kampala, Uganda. Walitia sahihi mkataba wa kuwa na fedha moja. Nchi hizo zilikuwa tano: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Walipanga fedha hiyo ianze kutumika mwaka 2024. Mwaka 2024 umepita na bado tunatumia shilingi yetu. Mpango umesogezwa mbele hadi mwaka 2031.

Basi muda wa kufikiri upo. Tuutumie. Siku fedha ikibadilishwa, itabadilishwa ya waziri na ya mkulima pia. Hata ile iliyofichwa chini ya godoro itabadilishwa.

WAZEE WETU WALISAFIRI NA FEDHA GANI?

Sisi wa Tabora tunakaa juu ya njia ya zamani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora. Hapa palikuwa njia panda. Wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wengine walikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Walirudi na nguo, shanga na waya wa shaba.

Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani. Nguo nyeupe iliitwa merikani, kwa sababu kwanza ililetwa kutoka Marekani. Nguo ilipimwa kwa mkono. Mikono minne ilifanya shuka moja, na mikono minane ilifanya doti moja. Kwa shuka na doti watu walinunua chakula, wakalipa wapagazi, na wakalipa hongo.

Siku hizi tukisema hongo tunamaanisha rushwa. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ukiingia nchi ya mtemi, ulitoa nguo ndipo uruhusiwe kupita. Ukiingia nchi ya mtemi mwingine, ulitoa tena.

Shanga ndizo zilizoleta taabu kubwa zaidi. Kila nchi ilipenda shanga zake. Huku walitaka nyekundu, kule walitaka nyeupe, mbele yake walitaka bluu. Shanga nzuri ya mahali pamoja ilikuwa takataka mahali pengine. Mkuu wa msafara aliyekosea kuchagua shanga aliweza kukosa chakula, na huku wapagazi wake wamebeba mizigo ya shanga.

Mwaka 1874 msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alifika Ujiji akitokea Tabora. Aliandika habari za soko la pale. Watu walitumia shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya mti wa kiko. Asubuhi walikuja watu wenye mifuko ya sofi. Mnunuzi aliwapa shanga nyingine, wakampa sofi za kununulia sokoni. Soko likiisha, wauzaji waliwarudishia sofi. Watu wale wa mifuko walipata faida asubuhi, na walipata faida tena jioni.

Sasa tujiulize: faida ile ilitoka wapi? Ilitoka kwa mnunuzi wa samaki na kwa mvuvi. Wote wawili walipunguziwa kidogo.

HASARA YA KUBADILI FEDHA

Mambo ya leo hayako mbali na yale ya Ujiji. Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu.

Tuseme mfanyabiashara wa Nzega ana shilingi 1,000,000. Anakwenda Kampala kununua bidhaa. Mpakani anabadili fedha yake. Mbadilishaji anachukua shilingi 3 katika kila shilingi 100. Basi anakatwa 30,000, zinabaki 970,000. Akifika Kampala anakuta bidhaa zimepanda bei. Anaamua kurudi nyumbani. Mpakani anabadili tena, anakatwa 3 katika kila 100. Safari hii anakatwa 29,100. Anarudi Nzega na 940,900.

Amepoteza shilingi 59,100, na hakununua hata sindano! Hiyo ndiyo hongo ya siku hizi. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Kama Tanzania na Uganda zingekuwa na fedha moja, mtu huyu angerudi na 1,000,000 yake, ukiondoa nauli na chakula. Tena angeweza kulinganisha bei ya Kampala na ya Nzega bila kupiga hesabu ya kichwa. Hii ndiyo faida ya kwanza ya fedha moja, na ni faida ya kweli. Tusiibeze.

FEDHA ILIYOTENGENEZWA TABORA

Sasa tutazame upande wa pili. Nani anaitengeneza fedha?

Wajerumani walipotawala walileta rupia. Mwanzoni rupia moja ilikuwa na pesa 64. Kuanzia mwaka 1904 wakaigawa katika sehemu 100, na kila sehemu wakaiita heller. Hapo ndipo tulipopata neno letu hela. Wajerumani waliondoka, neno lao likabaki mdomoni mwetu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka 1914 vita vikaanza. Meli za Waingereza zikaziba bahari. Sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika, na askari na wapagazi walitaka kulipwa. Serikali ya Wajerumani ikafanya nini? Mwaka 1916 ilitengeneza sarafu hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Walitengeneza hela za shaba. Walitengeneza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida.

Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Wajerumani wakakimbia. Utawala wao ukaisha, na baadaye rupia yao nayo ikatoka katika matumizi.

Habari hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mwenye uwezo wa kutengeneza fedha yake anaweza kujisaidia wakati wa shida, hata akizingirwa. La pili, fedha inasimama kwa sababu nyuma yake wapo wenye kuaminiwa. Wakianguka hao, fedha nayo huanguka. Tembo wa dhahabu alibaki na thamani kwa sababu dhahabu ni mali yenyewe. Lakini noti ni karatasi. Kinachoipa noti nguvu ni imani ya watu.

TULIWAHI KUWA NA FEDHA MOJA

Wengine wanadhani fedha moja ya Afrika Mashariki ni jambo jipya. Si jipya. Wazee wetu waliitumia.

Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1936 Zanzibar nayo ikaingia. Mtu aliweza kutoka Tabora hadi Mombasa au Kampala na shilingi ile ile.

Lakini bodi ile ilikaa London, na ilihamia Nairobi mwaka 1960 tu. Shilingi ilifungwa kwenye paundi ya Uingereza: shilingi 20 kwa paundi moja. Bodi haikuwa benki kuu. Kazi yake ilikuwa kubadilisha paundi kuwa shilingi na shilingi kuwa paundi. Mkulima wa hapa alitumia fedha hiyo, lakini hakuwa na sauti juu yake.

Tukapata uhuru. Mwezi Juni 1963 Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Bwana Obote walitangaza Nairobi kuwa nchi tatu zitaungana kuwa shirikisho. Shirikisho halikutokea. Kila nchi ikawa na mipango yake na bajeti yake. Sasa basi, serikali tatu zenye mipango mitatu zitaongozaje fedha moja? Mwezi Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na shilingi ya Tanzania ikaanza.

Shilingi tatu zile zilizaliwa sawa kama mapacha. Shilingi moja ya Tanzania ilikuwa sawa na moja ya Kenya na moja ya Uganda. Leo je? Shilingi moja ya Kenya hainunuliwi hata kwa shilingi 15 za Tanzania, bali kwa zaidi. Shilingi moja ya Tanzania inapata zaidi ya shilingi moja ya Uganda. Mapacha wamekua kila mmoja kivyake, kwa sababu kila nyumba ilipika chakula chake. Vita, ukame, madeni na siasa havikuwa sawa katika nchi hizi. Jumuiya yenyewe ilivunjika mwaka 1977. Ilirudishwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999.

NANI ATASHIKA USUKANI?

Hapa ndipo penye swali kubwa. Nchi yenye fedha yake imeshika usukani. Mambo yakiharibika inaweza kuacha thamani ya fedha yake ishuke. Kushuka huko kuna uzuri na ubaya.

Tuchukue mfano wa tumbaku, zao tunalolijua vizuri huku Urambo na Sikonge. Tuseme kilo moja inauzwa dola 2. Dola moja ikiwa shilingi 2,000, mkulima anapata shilingi 4,000. Shilingi ikishuka, dola ikawa 2,500, mkulima anapata 5,000 kwa kilo ile ile. Mkulima anafurahi. Lakini ngoja kwanza! Mbolea nayo inanunuliwa nje kwa dola. Mafuta ya lori pia. Navyo vinapanda. Kwa hiyo usukani huu si dawa ya kila ugonjwa. Hata hivyo ni kifaa, na ukiingia katika fedha moja unakikabidhi kwa wengine.

Tutazame waliotutangulia. Nchi za Ulaya zina fedha moja inaitwa euro. Noti zake zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2002. Biashara kati yao ikawa rahisi. Lakini tangu mwaka 2010 Ugiriki ilijikuta katika madeni makubwa. Haikuweza kushusha thamani ya fedha yake, maana fedha haikuwa yake peke yake. Wenzake waliikopesha kwa masharti makali. Mishahara na pensheni zikapunguzwa, na watu wengi wakakosa kazi.

Hapa Afrika, nchi 13 za magharibi na kati zilikuwa zikitumia faranga ya CFA, iliyofungwa kwenye faranga ya Ufaransa. Kwa miaka mingi bei zao hazikupanda ovyo. Hilo ni jema. Lakini mwezi Januari 1994 thamani ya faranga hiyo ilipunguzwa nusu kwa mara moja. Jana yake faranga moja ya Ufaransa ilipatikana kwa 50 za CFA. Sasa ilitakiwa 100. Mwenye pamba au kakao ya kuuza nje aliona nafuu. Mwenye mgonjwa wa kununuliwa dawa kutoka nje alilia.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Wale walio katika vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA watalielewa jambo hili haraka. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kwa nini? Ili asitokee mmoja akafungua usiku peke yake. Tena kila mwanachama ananunua hisa zake, na anayekopa anarudisha. Mmoja akikopa bila kurudisha, wote wanaumia.

Fedha moja ni sanduku la namna hiyo, na wanachama wake ni nchi. Ndiyo maana mkataba wa 2013 uliweka masharti ya kuingia. Makubwa ni manne:

1. Bei za vitu zisipande kwa zaidi ya 8 katika kila 100 kwa mwaka.
2. Serikali isitumie kupita mapato yake kwa zaidi ya 3 katika kila 100 za pato la taifa.
3. Deni la serikali lisizidi 50 katika kila 100 za pato la taifa.
4. Nchi iwe na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha kununua mahitaji ya nje kwa miezi minne na nusu.

Nchi nyingi zimeshindwa kuyashika masharti yote kwa pamoja na kwa muda unaotakiwa. Wakati huo huo Jumuiya imekua. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Sasa nchi ni nane. Baadhi yake zimekuwa na vita. Kikundi cha wanachama wanane si sawa na cha watatu. Kinahitaji kufuli imara zaidi.

SIKU YA KUBADILI NOTI

Lipo jambo moja ambalo wataalamu hulitaja kidogo, lakini sisi wa vijijini linatuhusu sana. Ni siku ya kubadili noti.

Hivi karibuni tumeonja kidogo. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuondoa noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Wananchi walipewa muda wa kuzibadili benki, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Miezi mitatu. Baada ya hapo noti hizo hazikuwa fedha halali tena.

Sasa fikirini. Mwenye akaunti benki hakupata taabu. Mwenye redio na gazeti alisikia mapema. Lakini bibi aliyefukia kibubu chake nyumbani, na benki iko mwendo wa nusu siku, je? Kama habari ilimfika amechelewa, akiba yake iligeuka karatasi. Na hizo zilikuwa noti chache za zamani tu. Ikija fedha moja, zitabadilishwa noti zote na sarafu zote. Bei zote zitaandikwa upya. Asiyejua hesabu ya kubadili anaweza kudanganywa dukani, kwenye mnada na kwenye mizani ya kuuzia mazao.

Ndiyo maana tunasema kusoma na kuhesabu ni ngao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAONI YETU

Sisi tunaonaje? Hatukatai fedha moja. Watu wa njia hii ya misafara ndio wa mwisho kusema kwamba biashara ya mbali ni mbaya. Tunajua hasara ya kubadili shanga kila kituo. Lakini tunasema fedha isitangulie mbele ya mambo mengine. Kwanza bidhaa zipite mipakani bila kusumbuliwa. Kwanza kila serikali ipunguze deni lake. Mwaka 1965 tuliachana na fedha moja kwa sababu serikali tatu hazikuwa na mpango mmoja. Tukirudia kabla ya kulitengeneza hilo, tutaachana tena, na kuachana kwa mara ya pili kutagharimu zaidi.

Na siku ikifika, tudai mambo matatu. Kwanza, uwepo mfuko wa kuisaidia nchi itakayopatwa na ukame au kushuka kwa bei ya mazao, kwa kuwa haitakuwa na usukani wake. Pili, funguo za sanduku zisikae katika nchi moja wala kwa kundi moja. Tatu, muda wa kubadili noti uwe mrefu, na elimu ifike kijijini kabla noti mpya hazijafika. Hayo tunaweza kuyasema katika mkutano wa kijiji, na tunaweza kumwuliza mbunge wetu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Benki kuu: benki ya taifa inayotoa noti na sarafu na kusimamia benki nyingine.
Mfumuko wa bei: hali ya bei za vitu kupanda kwa jumla, hata fedha ile ile inanunua vitu vichache zaidi.
Pato la taifa: thamani ya vitu na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka.
Kushuka kwa thamani ya fedha: fedha yetu kununua fedha za kigeni chache kuliko zamani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Watu wenye mifuko ya sofi kule Ujiji walipataje faida mara mbili? Nani siku hizi anafanya kazi kama yao?
2. Kwa nini shilingi tatu zilizoanza sawa mwaka 1966 hazilingani leo?
3. Shilingi ikishuka, nani katika kijiji chenu ananufaika, na nani anaumia? Toeni mifano.
4. Hesabu: Mtu ana shilingi 200,000. Anabadili fedha mara mbili, na kila mara anakatwa 5 katika kila 100. Atabaki na shilingi ngapi? (Jibu: 180,500.)
5. Katika kaya zenu, ni nani angechelewa kupata habari ya kubadili noti? Mtamsaidiaje?

Jibuni swali la tano kabla ya mengine. Halafu mkirudi nyumbani, mwambieni mtu huyo mliyoyasoma leo.